Mstari wa Digrii Mia na Kumi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hilo goti? Mimi mzima, ila jua la huku linatuchoma hadi nyayo.

Nimesoma katika barua yako kwamba Baba Mdogo anajenga ukuta kati ya kwako na kwake, na kwamba jiwe la mpaka la upande wa barabarani limezolewa na maji. Usiumize kichwa. Nimeangalia ramani ya kiwanja: ukisimama kwenye jiwe lililobaki kule nyuma, mpaka unakwenda digrii mia na kumi. Kaskazini ndiyo sifuri. Unazunguka kama mishale ya saa, mashariki ni tisini, kisha unaongeza ishirini. Nakutumia dira yangu ya zamani. Ishike ilale sawa, subiri sindano itulie, halafu tazama. Haitakupa kipimo cha kwenda nacho mahakamani, lakini utajua kama fundi amepotea sana. Pimeni pamoja, wewe na mdogo wako.

Binti yako mpimaji

18 Machi

Mama Digrii,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kama kawaida yake. Dira imefika nzima, ahsante.

Nimepima mwenyewe. Najua ulisema pamoja, lakini Baba yako Mdogo alikuwa anachekacheka na mafundi wake, ati nimekuwa mhandisi uzeeni. Basi nikafanya kazi kwa makini, hutaamini. Nilipigilia nondo kando ya jiwe, nikaiegemeza dira kwenye nondo ili mkono wangu usitetemeke. Nikarudia na kurudia. Jibu ni lile lile: ukuta umeingia kwangu, na kwa upande wa barabara umekula hatua nne nzima.

Nikamwambia abomoe. Akaniuliza, "Kaka, mimi nikuibie wewe?" Nikamjibu mbele ya mafundi kwamba dira haina ndugu. Tangu hapo hatusalimiani. Anapita mlangoni kwangu kama hanijui. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Niambie, nimshtaki au nimvumilie?

Baba yako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa inanisubiri ofisini muda wote huu. Tulikuwa porini tukipima njia ya nguzo za umeme, na huko barua hazifiki. Nimeisoma nimesimama, begi bado mgongoni.

Baba, ni nondo. Sindano ya dira huvutwa na chuma. Ulipoiegemeza pale, sindano iliiacha kaskazini ikafuata chuma, na kila uliporudia ikakupa kosa lile lile. Sisi kazini hata panga tunaliweka mbali. Digrii tano tu zikipotea pale kwenye jiwe la nyuma, ukifika barabarani zimeshakuwa hatua nne. Nilikutumia dira bila kukuambia jambo ambalo mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza, kwa hiyo lawama ni yangu.

Ng'oa nondo, toa hata funguo mfukoni, upime tena. Lakini kabla ya kupima, nenda kwa Baba Mdogo. Mwambie mtoto ndiye aliyeharibu. Nisingizie mimi, nitabeba. Nenda leo, Baba, usisubiri akuanze yeye. Nawajua nyote wawili, mnashindana kwa kununa tangu mimi sijazaliwa.

Binti yako

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili wangu mzima.

Barua yako ilifika tumeshamzika Baba yako Mdogo. Ilianza homa, ikashuka kifuani, wakamlaza hospitali. Habari zake nilizisikia kwa jirani. Nikajiambia, akitaka radhi ataniita. Sikwenda. Uso wake niliuona siku ya mazishi.

Jana nilitoa nondo, nikavua hata mkanda, nikapima. Mstari unapita pale pale ukuta ulipokuwa. Nasema ulipokuwa kwa sababu haupo tena. Alipozidiwa aliwaita wanawe akawaambia, "Bomoeni. Mpeni kaka yangu hiyo ardhi, nisife tukiwa hivi." Wakaja na nyundo. Mimi nilikaa dirishani nikiwatazama, na nilifurahi, mwanangu. Nilidhani amekubali kosa. Nilikunywa chai yangu hadi ikaisha.

Leo nimekwenda kwao na barua yako nikawasomea yote, mama yao akiwapo. Nikawaambia wajenge tena, gharama juu yangu. Yule mkubwa aliniamkia kwa adabu, akasema, "Baba Mkubwa, hatuwezi. Marehemu alishasema ni yako." Nililia mbele ya watoto. Hakuna aliyenijibu neno baya, na afadhali wangenitukana. Mjane akaniletea maji ya kunywa.

Njoo na ile mashine yako kubwa ya miguu mitatu. Pima mpaka wa haki, weka mawe, labda wewe watakusikiliza. Mimi nikisema wanaona nataka kujisafisha tu.

Matofali ya ule ukuta waliyapanga upande wangu. Waliyasafisha udongo kwanza, moja moja. Walisema baba yao aliagiza niyatumie kumalizia jiko langu. Njoo haraka, mama. Sijui niyapeleke wapi.

Baba yako