Mistari ya Penseli Chini ya Chokaa

Mpendwa Papa,

Ubao wako bado uko karakanani kwako, uani. Ule uliotengeneza kwa nyuzi za kioo na resini zilizobaki ulipoziba mtumbwi wa tonton, mdogo wako. Uliubana ukutani upande mmoja, upande wa pili ukaufunga bidoni, dumu lililojaa mchanga. Nakumbuka nilivyokucheka. Nilikuwa nimetoka chuoni na kompyuta yangu, nikikueleza kwamba programu itakokotoa jinsi ubao kama huo unavyolegea chini ya mzigo kwa miaka na miaka, bila mtu kungoja.

"Bon," ukasema, "weye uulize mashini. Miye nitauliza ubao."

Kila Jumapili ukitoka misa, kabla hata ya kuvua shati lako jeupe, ulichora mstari mdogo wa penseli ukutani pale ncha ya ubao ilipofika, na tarehe kando yake. Miaka sita, Papa! Kisha ulikuwa ukiniita: "Mutoto, kuya uone! Iko inashuka bado." Sikuja. Siku moja nilikujibu mbele ya wateja wako, "Papa, ile haiko kazi ya kweli." Ukacheka kidogo, ukarudisha penseli sikioni. Hadi leo inaniuma.

Ulipofariki, mimi ndiye niliyetaka kuta zote zipakwe chokaa kabla ya wageni wa matanga kufika. Mama aliuliza, "Hata ule ukuta wa papa yako?"

"Ule ndio muchafu kupita yote," nikamjibu. Niliupaka mwenyewe, mara mbili.

Mwezi uliopita profesa alitazama kazi yangu. Vipimo vyangu vya maabara ni vya majuma machache tu, miaka inayofuata programu inakisia. Akauliza kama yuko mtu aliyepima ubao wa namna hii hapa kwetu, katika joto na unyevu huu, kwa muda mrefu. Nikakumbuka ukuta wako. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi nyumbani, nikakwangua chokaa kwa kisu. Mistari yako ya penseli ikatoka nayo.

Nisamehe, Papa. Vipimo naweza kuvianza upya. Lakini uliniita mara nyingi sana, na kutoka mezani kwangu pale nyumbani hadi karakanani ni hatua kumi.

Jumapili hii, nilipotoka misa, nimechora mstari mmoja kwenye ncha ya ubao. Nikageuka nimwite mtu aje aone.

Iko inashuka bado, Papa.

Binti yako