Takataka au Mali

Jumanne, kabla ya kulala

Swali la mjumbe wa nyumba kumi halinitoki kichwani. Alisimama uani leo, akanyoosha bakora kwenye rundo langu la matairi makuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Haya ni takataka au ni mali?"

Mume wangu akajibu takataka. Mimi, papo hapo, nikasema mali. Domo langu hili!

Yakiwa takataka, tutaamriwa kuyachoma. Yakiwa mali, basi nimeficha bidhaa, na tangu msako wa serikali uanze anayeficha bidhaa ni mlanguzi. Mlanguzi, mimi! Ninayeokota matairi yaliyotupwa nikakata katambuga, ili watu wa Mgeta wapate cha kupandia milima yao, maana viatu madukani hakuna.

Mzee akainama kutazama miguu yake. Alikuwa amevaa katambuga nilizomkatia mwenyewe. Hakucheka.

"Kesho nakuja na wenzangu," akasema. Sijui ilikuwa aibu au hasira.

Mume wangu anataka tuyatupe mtoni kabla hakujakucha, kama jirani alivyotupa sukari yake. Lakini sukari huyeyuka. Matairi yataelea mpaka darajani, na Mwembesongo nzima inajua ni ya nani.