Meno Kumi ya Hafu-Shafti

Jumatatu, 5 Mei

Bushi nne za trekta, zile pete za chuma, zimekamilika kabla ya saa nne. Mvua tangu alfajiri. Paa la zizi linavuja palepale, nimetega sufuria. Bado naliita zizi, ingawa ng'ombe wa mwisho alitoka miaka miwili iliyopita na mahali pake pakachukuliwa na leth yangu. Mama hajatia mguu humu tangu siku hiyo. Niliacha kazi kwenye karakana ya pampu, shamba la maua kule Kamere, nikarudi Bahati na leth hiyo, mashine kuukuu ya kukerezea vyuma. Kwake yeye, nilitupa mshahara na maziwa, nikaleta kelele.

Saa sita Kiprono amefika, pikapu yake ikivutwa na trekta. Ndiye huchukua maziwa ya familia kumi na moja kule mteremkoni, upande wa Subukia. Mvua ikinyesha hakuna gari lingine linafika huko. Hafu-shafti ya nyuma imekatika kwenye meno. Ndiyo ile fimbo ya chuma inayotoa nguvu kwenye difu, sanduku la gia katikati ya ekseli, na kuipeleka gurudumuni. Alijaribu kupanda kwa magurudumu ya mbele tu, akaishia mtaroni. Modeli ya zamani. Dukani wamemwambia angoje wiki tatu.

Maziwa hayangoji wiki tatu. Watu wameanza kuwapa mbwa.

Tata Njeri, dada mkubwa wa Mama, ni mmoja wa hao kumi na moja.

Nimesema nitatengeneza. Sijawahi kutengeneza hafu-shafti maishani mwangu. Mdomo huu.

Jumanne, 6 Mei

Nakuru mjini, kwa mzee wa skrapu, muuza vyuma chakavu. Nimechimbua saa mbili nzima. Matope, betri, milango. Halafu nikaiona: hafu-shafti ya lori, ndefu, nzima, imelala chini ya jiko bovu la hoteli. Nene kuliko ninavyohitaji, na hilo ndilo nilitaka.

"Unaenda kufanya nayo nini, mathe?"

"Kukereza."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akanisaidia kuifunga kwenye boda. Kupanda hadi Bahati dereva alilalamika njia nzima. Mimi nilikuwa naimba ndani ya kofia ya pikipiki.

Jioni nimeichoma kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, nikaizika ndani ya majivu ipoe polepole mpaka kesho. Ndiyo njia ya kulainisha chuma. Mama aliita kutoka jikoni, akataka kujua makaa yake yameenda wapi. Nikaongeza majivu.

Jumatano, 7 Mei

Chuma kimelainika. Nimekereza tangu saa mbili. Vipande vinatoka virefu, vimejikunja, vya rangi ya buluu, vinafuka moshi. Nilisahau chai. Nilisahau mgongo. Hakuna kitu kinanifurahisha hivi, na sijui nimweleze nani.

Upande wa gurudumu umekwisha, mashimo yote yamekaa. Upande wa difu nimeacha urefu wa ziada, kwa uoga tu.

Sasa meno. Ni kumi. Karakana kubwa ina mashine yake ya kazi hiyo, mimi sina. Kwa hivyo nimefunga gia ya meno arobaini nyuma ya leth. Nikisogeza gia meno manne, shafti inageuka sehemu moja ya kumi. Naikaza na pini, halafu nasukuma kisu kwa mkono, kinakwaruza uzi mwembamba wa chuma. Mikwaruzo themanini kwa kila mfereji mmoja. Mifereji kumi.

Nimemaliza mmoja na nusu. Mabega yanawaka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeharibu.

Hadi mfereji wa sita kila kitu kilikuwa sawa. Kiprono akapiga simu kuuliza nimefika wapi. Niliongea naye nimesimama, mkono kwenye gia. Kukata simu, nikasogeza meno matano badala ya manne. Sikuona. Nilisukuma kisu mara themanini, nikijisifu moyoni, ndipo nikaona jino nililoacha limenona kuliko mengine yote.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Mwanamke wa miaka arobaini na minne.

Ule urefu wa ziada unatosha kukata kipande kilichoharibika na kujaribu tena. Mara moja tu. Nikikosea tena, hakuna chuma.

Mama ameacha sahani ya githeri mlangoni mwa zizi.

Ijumaa, 9 Mei

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekata kipande kibovu na kufunga shafti upya. Mlango ukafunguka. Mama, na kigoda chake, na kikapu cha sufu. Amefuma sweta za wanafunzi miaka arobaini. Akatafuta mahali pakavu, akaketi kando ya leth, pale ng'ombe wake alipokuwa akilala.

"Nilikusikia jana ukilia. Ni mikono imekushinda ama ni hesabu?"

"Ni hesabu."

"Basi wewe kata. Mimi nitahesabu."

Nilidhani ni maneno tu. Sivyo. Alihesabu mikwaruzo kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, sindano zikienda. Kila mfereji ulipokwisha alifunga uzi mwekundu kwenye msumari ukutani. Nikienda kusogeza gia, sindano zinasimama. Ananifanya nihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Nisipotamka nne, haruhusu nishike kisu. Mara mbili nilikasirika. Mara moja kati ya hizo nilikuwa nimekosea.

Kiprono alipopiga simu, Mama aliichukua mkononi mwangu akaizika chini ya sufu.

Mchana alianza kuuliza. Hii ni ya nini? Ile ukigeuza inafanyaje? Nikamwonyesha. Akagusa mfereji mmoja kwa kidole gumba, polepole, kama anakagua mshono, akasema, "Hii ni kazi safi."

Miaka miwili nimengoja sentensi hiyo. Niligeuka nikajifanya natafuta oili.

Saa kumi na moja nyuzi kumi zilikuwa ukutani. Meno kumi, yote sawa. Hatukugombana siku nzima. Sikumbuki siku nyingine ya namna hiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi nimepasha meno, nikazamisha kwenye oili chafu ili yawe magumu, kisha nikapasha tena kidogo yasije yakavunjika kama biskuti. Nikajaribu ugumu kwa tupa; ilipita juu bila kuuma. Vizuri.

Kiprono alifika saa nne. Shafti ilikataa kuingia. Jasho. Nikapaka rangi, nikaona inapogusa, nikasugua kidogo sana. Mara ya tatu ikateleza ndani hadi mwisho, taratibu, bila nyundo. Kiprono alichuchumaa akaitazama muda mrefu. "Wairimu," akasema, akanipa mkono.

Tulipotaka kuondoka, Mama akatoka nyumbani na koti la kanisani na gambuti. Akafungua mlango wa mbele.

"Mama, ni majaribio. Tunaweza kukwama."

"Mimi ndiye nilihesabu."

"Kaa mbele, shosho," Kiprono akasema. Mimi nikapanda nyuma na mikebe ya maziwa.

Kushuka tulienda polepole. Boma baada ya boma watu walitoka na maziwa, wengine na mala waliyogandisha wiki nzima, wakatulazimisha kunywa. Kwa Tata Njeri ndiko mwisho. Hao wawili hawakuwa wameonana tangu mafuriko ya mwaka juzi yalipobeba daraja dogo la waenda kwa miguu. Tata alikuja na fimbo yake, akasimama, akamtazama Mama aliyekuwa anashuka kinyumenyume. Hawakulia. Walishikana mikono wakaanza kucheka, kicheko kimoja kirefu, sijui cha nini. Mimi ndiye nilifuta macho.

Mama amebaki huko hadi Jumatano.

Kurudi, mikebe imejaa, tukafika pale shafti ya kwanza ilipokatikia. Kiprono akatia gia ndogo. Gurudumu likasaga, matope yakanipiga usoni, pikapu ikaning'inia kama inafikiri. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye bodi, juu ya ekseli, nikisikiliza kwa mkono. Halafu ikapanda. Polepole, bila kuruka, hadi juu.

Nilicheka hadi kwikwi ikanishika.

Jumapili, 11 Mei

Nyumba kimya. Mvua imepumzika. Nimeamka kwa mazoea, nikachemsha chai ya watu wawili, nikanywa yote.

Saa moja Kiprono amepita barabarani na maziwa ya leo. Nilisimama dirishani nikasikiliza ekseli hadi kona ya kanisa. Hakuna mlio.

Mama amepiga simu kwa simu ya Tata. Aliuliza kama nimekula. Kama nimefungulia kuku. Kisha akasema nisianze kitu chochote cha kuhesabu kabla hajarudi. Nikasema sawa.

Nimerudi kitandani. Nimelala mpaka saa tano.