Mkasi wa Wifi Yangu Beryl

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Thornby, Lincolnshire
Tarehe: 14 Juni 2019
Jina: Thelma Agnes Garside
Umri: Miaka 74
Kazi: Mstaafu, zamani msimamizi wa posta
Makazi: Kijiji cha Nether Wold

Mimi mwenye jina hilo nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu, na naomba hilo liandikwe kwanza.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Juni, chama chetu cha bustani kilikwenda kwa basi kutembelea bustani za jumba la Ravensby. Tulifika saa tano asubuhi. Kulikuwa na manyunyu tu, kwa hiyo siku ilikuwa nzuri. Kiongozi wetu alikuwa mwenyekiti wa chama, Bwana Rodney Pym. Mimi nilikaa na wifi yangu Beryl, mjane wa marehemu kaka yangu Leonard.

Mimi na Beryl hatupatani sana. Kila kiangazi tunanyang'anyana kikombe cha waridi kwenye maonyesho ya kijiji, na akishinda yeye hunialika chai ili nikitazame. Lakini Jumapili hii bustani yake inafunguliwa kwa wageni kwa mara ya kwanza. Chama kilikuwa kimemkataa mara mbili, eti ni bustani ya uchochoroni. Leonard alikufa akiingoja siku hiyo.

Kwenye ukuta wa kanisa dogo la jumba kuna waridi jeupe la zamani. Haliuzwi popote, na wenyewe hawampi mtu hata kitawi. Tulipofika hapo Beryl alitoa mkasi wa kupogolea mkobani, akaanza kukata maua yaliyokwisha kunyauka. Nikamwambia, "Wifi, hapa si kwako." Akasema, "Waridi halijui hilo." Beryl hawezi kupita penye ua lililokufa, kama vile mama asivyoweza kupita penye mtoto mwenye kamasi. Yakikatwa yaliyokufa, mti hutoa mengine. Aliyoyakata aliyatia mkobani ili asichafue njia ya watu. Nilisimama naye mpaka mwisho, na tawi zima hakukata hata moja.

Saa saba mchana tulikwenda kunywa chai na skonzi. Hapo nilishangaa, maana Bwana Pym alinunua chai. Miaka yote hubeba ya nyumbani kwenye chupa yake, na hutuambia kwamba chai ya majumba haya ni maji ya kuoshea vikombe. Chupa yenyewe ilikuwa pale pale, ameibana kwa magoti. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nimiminie kidogo." Akasema, "Imeisha, Thelma." Alipoisogeza nikasikia maji yanacheza ndani.

Saa tisa tulikuwa tumeshapanda basi. Akaja mlinzi wa bustani pamoja na Konstebo Sandhu, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya. Mlinzi alisema kitawi cha waridi la kanisani kimekatwa, naye alikuwa amemwona bibi mmoja pale na mkasi. Beryl akafungua mkoba wake mwenyewe. Ulijaa maua makavu. Bwana Pym akasimama, akasema, "Aibu gani hii! Ile Jumapili naifuta." Beryl akaufunga mkoba, akainamisha kichwa. Sikupata kumwona akiinamisha kichwa hata siku tuliyomzika Leonard, na hapo nilipandwa na hasira.

Nikasimama nikasema, "Huyu wifi yangu ni mbishi, ana maringo, na skonzi zake ni mawe. Lakini si mwizi. Kila mtu afungue mkoba wake kama alivyofungua yeye."

Kisha Bibi Audrey Hargreaves, mke wa mchungaji wetu, akafungua wake, na ndani kulikuwa na kijiti cha lavenda kimeviringishwa kwenye tishu mbichi. Aliyemfuatia naye ana tishu mbichi. Kwetu husemwa kwamba kijiti cha kuiba ndicho kinachoshika mizizi, na basi zima lilikuwa limeshika msemo huo. Konstebo alitazama dari. Wangu ulikuwa na sandwichi za matango na miwani, kwa sababu Ravensby hawana kitu nisichokuwa nacho.

Nikasema, "Sasa mwenyekiti atumiminie chai." Bwana Pym akasema imeisha. Konstebo akaiomba chupa, akaifungua. Ilikuwa na maji baridi na kitawi cha waridi la kanisani.

Mkuu wa bustani za jumba naye alikuwa mlangoni mwa basi akisikiliza tangu mwanzo, mama mmoja mwenye buti za matope. Aliuliza nani aliyesafisha ule ukuta. Beryl akasema, "Ni mimi. Kama ni kosa, nishtakiwe." Yule mama akasema, "Kila mkato uko panapotakiwa. Hiyo Jumapili unafungua saa ngapi?" Beryl akasema saa nane mchana. Nilijisikia mrefu kuliko lile basi.

Nimekuja kwa sababu nasikia mlinzi bado anataka Beryl apewe onyo kwa kukata maua ya watu bila ruhusa, na mwenye onyo la polisi chama hakimruhusu kufungua bustani. Nasema wazi kwamba hakuiba na hakuharibu kitu. Pia naomba iandikwe kwamba mawaridi ya Beryl Garside ni mazuri kuliko yangu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nami nayatia sahihi kwa mkono wangu.

T. A. Garside

Maoni ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kukubali kwamba ni sahihi. Sioni sababu ya kumpa Beryl Garside onyo. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba sentensi ya mawaridi ifutwe, akachukua mwavuli wake akaondoka. Alirudi kutoka mlangoni akasema ibaki.

Konstebo H. Sandhu