Maji ya Kisima cha Haneti

Mama, shikamoo. Huku Haneti upepo ni mkali, ila ugali wa uwele kwa mlenda unanipendeza. Mwalimu wetu, Mgogo wa hapahapa, anatufundisha kusoma vinasaba vya vijidudu vya majini. Leo tumekuta kisima kina vijidudu vinavyosababisha kuharisha, Mwalimu akawaeleza wanakijiji kwanza, kwa Kigogo. Mama mmoja kijana, aliyeacha kumnyonyesha mwanawe kwa sababu mtoto anaharisha, akauliza polepole, "Kwa hiyo si maziwa yangu?"

"Si maziwa yako, dada," Mwalimu akamjibu. "Ni maji mnayompa."

Akakaa chini, akamnyonyesha palepale, machozi yakimtoka. Nimekukumbuka sana, Mama. Ujifunike vizuri, baridi ya Kondoa naijua. Mungu akutunze.

Mwanao, Zuhura