Lifti Itatengenezwa kwa Muda Unaofaa

Jumanne, 8 Aprili

Lifti bado. Nimeshuka kuchukua maziwa duka la Msomali, nimepanda nikipumzika kila kona kama mjamzito. Ghorofa ya kumi na moja si mchezo kwa magoti haya. Mume wangu, Mzee Shabani, nimemkuta pale pale dirishani nilipomwacha, kwenye kiti chake cha magurudumu, anaangalia treni zinavyopita chini. Kiharusi kilimchukua upande mmoja. Mdomo kilimwachia, na anautumia.

"Bi Zuhura, ulikwenda kumkamua ng'ombe mwenyewe?"

Nimecheka moyoni. Usoni nimenuna.

Ijumaa nyingine inakuja na hataenda msikitini. Ijumaa ndiyo siku yake. Kanzu, kofia, swala, halafu kahawa na wazee wa Kisomali, wanabishana kwa lugha tatu na hakuna anayemwelewa mwenzie. Wiki hii hajaulizia kanzu. Hilo linaniuma kuliko ngazi.

Binti yangu Mwana kapiga simu ofisi ya wenye jengo, kule mji wa Plymouth. Wanasema fundi anasubiri kifaa. Kifaa gani hicho, kinashushwa kutoka mbinguni?

Alhamisi, 10 Aprili

Kaja binti mmoja anaitwa Hana. Mzungu mdogo, nywele fupi, anafanya kazi kwenye chama cha wapangaji. Kapanda ngazi zote na mfuko wa fulana za chama, rangi ya chungwa. Nimempenda kwa hizo ngazi.

Anasema kuna muswada wa sheria Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, kwenye jengo kubwa la bunge. Kifungu kimoja ni chetu. Lifti ikifa kwenye jengo refu lenye wazee au walemavu, mwenye jengo aitengeneze ndani ya siku tatu. Akishindwa, awalipie watu pa kukaa. Mwana alikuwa ofu leo, ndiye aliyetafsiri.

Hana anataka mimi nikaseme mbele ya kamati. Mimi. Benchi la shule sijalikalia hata siku moja. Herufi nilijifunza kisomo cha watu wazima, Mwana mgongoni, ananivuta kitambaa cha kichwa.

Nimesema sawa. Watanila?

Mzee kasikia. Kauliza kama fulana ipo ya saizi yake.

Jumapili, 13 Aprili

Siku njema. Baraka kaja kutusalimu.

Huyu kijana alikuwa mwanafunzi, akikaa chini yetu humu humu. Kwao Iringa. Baridi yake ya kwanza hapa alikuja na raba za kitambaa, akasimama mlangoni anatetemeka meno. Nikamvika koti la Mzee. Mkristo, lakini kila Ramadhani alifuturu kwetu, na kwenye uji aliwahi kuliko waliofunga. Sasa ana kazi Golden Valley. Gari zuri. Viatu vinang'aa.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Hao wazungu hawakulishi?"

Anasema kazi yake ni mambo ya sheria, kuzungumza na serikali. Tumefurahi. Mtoto wetu anazungumza na serikali! Nimemweleza yote. Hana, muswada, siku ya kwenda. Kasikiliza vizuri, hata simu hakuitoa. Akaniuliza taratibu, "Nyinyi hasa mnataka nini, Bibi?"

Sasa mtu yuko mezani kwako, anakula, wewe utamkunjulia mkono udai? Nikamjibu kama ninavyojua kujibu. Nikasema sisi si watu wa makelele. Siku tatu, siku nne, hatuhesabiani. Watengeneze kwa muda unaofaa tu, tutashukuru.

Kachukua chapati nyingine. Nimemfungia za kuondoka nazo.

Jumatano, 16 Aprili

Hana kaja kunifundisha kusema. Wanatoa dakika mbili. Dakika mbili mimi bado naulizia hali ya watoto.

Kakata salamu. Kakata habari ya kwetu. Kabakisha kiharusi, dirisha na kanzu. Anataka nikifika kwenye kanzu ninyamaze kidogo, eti hapo ndipo watakapoguswa.

Nikamwambia Mwana amwambie mume wangu si tangazo la sabuni.

Hana kawa mwekundu mpaka masikioni. Kaomba radhi. Nimemkumbatia, mifupa mitupu. Mtoto mzuri. Lakini na yeye ana kazi yake, na mimi ni kazi yake.

Nimechoka.

Jumatatu, 21 Aprili

Fundi kaja. Lifti imetembea asubuhi. Nimekwenda kumtolea Mzee kanzu, nimepiga pasi. Mchana imekufa tena.

Kanzu nimeirudisha.

Jumatano, 23 Aprili

Ya jana naandika leo. Jana mkono ulikataa.

Tumekwenda kwa treni, mimi, Mwana na Hana. Jengo lenyewe jeupe, kuba kubwa, na farasi wa dhahabu juu ya paa. Ndani marumaru, viatu vinalia. Nimevaa fulana ya chungwa juu ya dira, nafanana na koni ya barabarani. Nimebeba bakuli la maandazi. Niliamka alfajiri kuyakaanga. Kwenda kwa mtu kuomba, tena mara ya kwanza, mikono mitupu? Mimi?

Tulianza ofisini kwa mheshimiwa mmoja wa kamati. Binti wa mezani katazama bakuli kama nimeleta nyoka. Kasema asante sana, hawezi. Mwana akanieleza. Sisi tumekuja na kikundi kinachoomba sheria, na watu wa namna hiyo hawaruhusiwi kumpa mheshimiwa zawadi. Hata andazi. Hana kajishika kichwa, kasema kosa lake, hakuniambia. Hakujua kama ni jambo la kuambiwa mtu.

Sawa. Sheria nzuri hiyo, kwa kweli. Nimefunika bakuli langu.

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka Baraka.

Yeye hana bakuli. Mikono mitupu, anacheka, binti wa mezani anamwita kwa jina na kumuuliza wikiendi ilikuwaje. Kadi inaning'inia shingoni. Kaniona. Kicheko kimezimika. "Shikamoo Bibi." Nimeitikia. Shikamoo haiachwi hewani. Nikamwuliza, na wewe umekuja kwa ajili ya lifti? Akasema ndiyo. Nikafurahi, mimi mjinga. Nikampa andazi, kalipokea, kasimama nalo mkononi.

Kwenye kamati nimesema dakika zangu mbili. Sikunyamaza kwenye kanzu. Nimeipita mbio. Mwana alitafsiri, sauti yake ndiyo iliyokatika, siyo yangu. Mwenyekiti kasema asante. Tukarudi kukaa.

Halafu akaitwa Baraka. Anasemea chama cha wenye majengo.

Anaongea vizuri. Hagombi. Anasema wenye majengo nao wanataka lifti ziende, ila vifaa vinachelewa, siku tatu zitawaumiza wenye majengo madogo. Mwana ananinong'oneza sikioni. Akanyamaza ghafla. Nikamgusa. "Mama, anakusema wewe."

Hakutaja jina. Alisema kuna bibi anayemheshimu sana, anakaa juu katika jengo refu, mumewe hawezi kutembea. Na hata bibi huyo alimwambia kwamba hawahesabu siku, wanachoomba ni muda unaofaa.

Maneno yangu. Ya mezani kwangu.

Seneta mmoja kaleta badiliko palepale. Ilikuwa tayari imeandikwa. Toa siku tatu, weka muda unaofaa. Nimeinua mkono nijibu. Mwenyekiti katabasamu vizuri tu. Zamu yangu imepita. Wakasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wachache hapana.

Hana alilia chooni. Mimi nilimshikia mfuko.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwana kanieleza polepole. Kazi ya Baraka kwa Kiswahili ni mshawishi, mtu anayelipwa kuwavuta watunga sheria. Huku ni kazi kamili, wanajiandikisha, siyo siri. Chama cha wenye majengo kinao kadhaa. Chama cha Hana kinaye mama mmoja, na huyo wanagawana na vyama vingine. Uchaguzi ukija, wenye majengo wanaandalia wagombea staftahi, wanachangia, na hilo linaruhusiwa. Andazi langu ndilo haliruhusiwi.

Nikasema basi wamenunuliwa. Mwana kasema siyo hivyo tu, Mama. Miswada ni mingi, hawawezi kuijua yote. Mtu akiwa hajui, anamwuliza aliye karibu. Sisi tulikwenda siku moja. Baraka yupo pale kila siku.

Hilo limenikaa. Yupo pale kila siku. Kama alivyokuwa kwangu kila siku, nikamzoea, nikamwambia yote.

Baraka anapiga simu. Sipokei. Mzee anasema nipokee. Nimemwambia avute hewa yake dirishani.

Ijumaa bila kanzu.

Jumapili, 27 Aprili

Kaja mwenyewe. Kapanda ngazi zote, kafika anahema, shati limemganda. Nimemwacha asimame.

Anasema hakuja siku ile kunipeleleza. Alikuja kutusalimu, nami nikasema mwenyewe. Nadhani ni kweli. Hilo ndilo baya zaidi. Anasema, "Bibi, nisipokuwa mimi, wataajiri mwingine." Anasema kibali chake cha kukaa nchi hii kimefungwa na kazi hiyo.

Nikamwambia, ungesema kabla ya chapati ya kwanza. Ungesema tu, Bibi, mimi nawafanyia kazi wenye jengo. Ningekulisha vilevile. Ila ningekulisha kimya.

Kainamisha kichwa. Akasema, "Lakini Bibi, ulisema muda unaofaa."

Nilikasirika mpaka nikasimama bila kushika meza. Nilisema hivyo kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumba hii! Kwenu Iringa mgeni akiulizwa kama ameshiba hasemi ameshiba? Ukaenda kumwambia mpishi asipike tena?

Mzee kacheka, mate yakamtoka upande. Kamwambia, "Kijana, jibu hilo na suti yako."

Nimempa chai. Chai tu.

Jumamosi, 10 Mei

Magoti. Mvua. Hana kaniletea karatasi za kusainisha majirani. Nimegonga milango ya ghorofa yangu. Papa Didier, Mkongo wa jirani, kasaini, kasema atamsainia na paka.

Mzee kalala mchana kutwa. Zamani hakuwa mtu wa kulala mchana.

Jumanne, 20 Mei

Muswada umepita. Hana kapiga simu, hajui afurahi au asifurahi. Anasema ni hatua, mwaka ujao watajaribu tena siku tatu. Mwaka ujao! Nimemwambia aje ale.

Kisha Baraka. Nimepokea. Alikuwa anaeleza, sauti ya chini, kwamba angalau sasa sheria inataja lifti, mwanzo haikutaja kabisa. Nimemwacha amalize. Nikamwuliza mgongo wake ni mzima? Kasema mzima.

Nikasema vizuri. Ijumaa saa sita mchana uwe hapa. Babu yako anakwenda msikitini, na wewe unambeba. Na Ijumaa itakayofuata. Na nyingine.

Akauliza, "Mpaka lini, Bibi?"

Nikamwambia mpaka muda unaofaa. Nikakata simu.

Ijumaa, 23 Mei

Nilimwogesha mapema. Kanzu nimeipiga pasi mara mbili. Mzee hakutaka kuamini. Kila kiatu kikilia kwenye ngazi anageuza kichwa.

Kaja. Hakuvaa suti. Kavaa raba. Papa Didier kakamata kiti nyuma, Baraka mbele, anashuka kinyumenyume. Mzee kawaamuru kama nahodha. Kushoto. Polepole. Eti huyu kijana ana mikono ya karani. Nilisikiliza juu ya ngazi mpaka sauti zao zikawa ndogo, wanapumzika, wanacheka, wanaendelea. Mara moja nilisikia Mzee anamwuliza Baraka kama mheshimiwa naye hubebwa hivi.

Nimekwenda dirishani. Nimekaa pale anapokaa yeye. Wametoka chini, kanzu nyeupe kwenye jua, kiti kinasukumwa. Wazee wawili wa Kisomali wakasimama barabarani. Wakamzunguka. Sikumwona tena.

Kupanda itakuwa kazi. Hilo ni baadaye.

Nimepika wali na kuku. Sahani nne. Nimefunika.