Baba, Wanaunda Tangi Lingine

Baba,

Tangi ulilowaundia kiwandani bado linafanya kazi. Walikwangua ngozi yako kwenye kifuniko, wakapaka rangi ya kijani, na kesho yake maziwa ya Kitale yakaingia humo kama kawaida. Hata chai ya mazishi yako, hapa nyumbani Bungoma, ilipikwa kwa maziwa hayo. Mwenye kiwanda aliyaleta mwenyewe, akapigiwa makofi.

Unakumbuka lile debe la mama? Ulichemsha maji kidogo ndani yake, ukalifunga, ukalimwagia maji baridi. Likajikunja mbele yetu kama karatasi. Mama alifoka, wewe ukacheka: "Si umeona? Mvuke ukiwa moto unasukuma, ukipoa unavuta. Tangi la kuoshwa kwa mvuke lazima listahimili yote mawili." Ndiyo maana lile la kiwanda ulilizungushia pete za chuma, ukaliwekea valvu ya kuingiza hewa na nyingine ya kutoa mvuke ukizidi.

Hiyo ya kutoa mvuke ndiyo msimamizi wa kiwanda aliyoiziba, ati inapiga kelele. Hakukuambia. Ukalegeza kifuniko ukidhani mvuke umeisha, kwa kuwa valvu haikulia... Baba, hospitalini nilikutambua kwa sauti tu.

Kaburini alisimama, huyo msimamizi, akasema, "Marehemu alichora vibaya, bana, lakini tumsamehe." Mama akaitikia amina. Anaamini mpaka leo. Michoro yako ameitumia kuwashia moto jikoni. Nilipomshika mkono aliniambia, "Haya makaratasi ndiyo yalimuua."

Sasa wanataka tangi la pili, bila valvu hiyo. Waliniita mimi kwanza, kwa kuwa ulinifundisha kuchora. Nikakataa. Wakamwendea Baba Mdogo Wanjala, ndugu yako aliyezimia kwa kulia siku tunakuzika. Amekubali, na ameshalichomelea. Nilipomsihi alinicheka: "Wewe msichana unajua nini ya mvuke? Baba yako alijifanya mjuaji, ona mahali ako."

Nilitamani nimpige.

Jumatatu wanaliwasha. Siwezi kukuambia upumzike kwa amani, nitakuwa nakudanganya. Lala tu, Baba. Kwaheri. Nakuahidi hili: Jumatatu nitasimama kwenye geti la kiwanda, nimwambie kila anayeingia jinsi ulivyokufa. Wakinifukuza nitasemea barabarani. Nitaanza na Wanjala, hata akinitukana, kwa sababu kifuniko atakifungua yeye.

Binti yako,
Nekesa